Mpira wa Concilie Hauchezi Mechi ya Kuonea

Wewe ungemtoa mwanao? Usijibu haraka. Sisemi kumtoa kafara. Nasema kumtoa kwenye timu yenye nguvu, mbele ya watu waliokuja kumtazama yeye, ukamvusha upande wa wanyonge, huku ukijua kwamba hatua hizo chache zinaweza kumnyima nafasi aliyoingojea tangu utotoni. Nakuuliza kwa sababu mama mmoja alilazimika kujibu swali hilo uwanjani Auburn, jijini Sydney, kwenye baridi ya Agosti 2022, na hakupewa muda wa kufikiri kama ninaokupa wewe.

Anaitwa Concilie. Kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapo hapo Auburn: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Ukikutana naye akitoka zamu, barakoa bado inaning'inia kwenye sikio moja, na begani ana mfuko wa wavu wenye mpira. Wengine hubeba vitabu vya nyimbo za kanisani. Yeye hubeba mpira, kwa sababu yeye ndiye mwenye mpira wa ligi yetu, na katika ligi yetu mwenye mpira ana kazi kubwa kuliko refa.

Kazi hiyo hakuianzia Australia. Alizaliwa Uvira, Kongo, vita vikamvusha ziwa, akakulia kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania. Huko alijifunza kushona mipira: matambara katikati, gunia juu yake, kisha kamba ya nailoni iliyokazwa mpaka vidole vinachubuka. Mipira ya wengine ilitua chini kama ugali. Wa kwake ulidunda. Timu zote za kambi zikawa zinamfuata yeye.

Basi kambini kulikuwa na shida moja ya ajabu. Timu inaweza kuwa na wachezaji kumi na mmoja leo, na wiki ijayo familia nne zimeitwa kwenda Amerika au Kanada, wamebaki saba. Timu kubwa zilikuwa zikisubiri hapo hapo kama kunguru. Timu ikipungua, zinamchukua mzuri aliyebaki, na wale wengine wanakaa pembeni kutazama. Siku moja Concilie, msichana asiye na cheo chochote, alikalia mpira wake katikati ya uwanja na kukataa kuinuka.

"Mpira ni yangu," aliwaambia. "Haitacheza mechi ya kuonea. Ninyi muko wengi, toeni mutu mumoja avuke. Na musinipe mubovu."

Walimtukana, wakamcheka, kisha wakatoa mtu. Mechi ile, anasema, ilikuwa tamu mpaka watu waliacha foleni ya maji kuja kuitazama.

Hiyo ndiyo desturi aliyotuletea. Sisi tunaiita kuvusha. Kabla ya mechi timu mbili zinajipanga zikitazamana. Concilie anapita katikati, mpira kwapani, anahesabu kwa macho. Upande mmoja ukipungua, anakwenda upande uliozidi, anavuta mkono wa jezi ya mchezaji mmoja na kusema, "Vuka." Huyo anavaa fulana ya njano na kuchezea wapinzani wake mpaka kipenga cha mwisho. Havuti jezi ya mtu dhaifu hata siku moja. Na aliyevuka hachezi kwa uvivu, kwa sababu wenzake wa jana wanamtazama na wa leo wanamtazama pia.

Mimi ndiye katibu wa ligi hiyo. Nilikuja Sydney kusoma uchumi, nikamaliza, na elimu yote niliyopata haijanionyesha mfumo wa haki rahisi kuliko mama yule na mpira wake. Tulikuwa na timu nane, kuanzia Auburn mpaka kule Penrith, Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine. Kuvusha kulitufaa kuliko tulivyotarajia, maana huku hakuna anayeitwa Kanada lakini kuna simu za kazini. Mtu amefunga viatu tayari, anapigiwa simu kutoka ghala la Smithfield: njoo, zamu imepungukiwa. Halafu ikaja korona. Katika ile karantini ya mwaka 2021 upande wetu wa jiji ulifungiwa kuliko upande wa baharini. Kule walikuwa wakitembea ufukweni. Huku kwetu helikopta zilizunguka juu ya mapaa na askari wakagonga milango. Sijasahau na sina mpango wa kusahau. Tulipofunguliwa, timu zilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Bila Concilie zingekufa nusu yake.

Ndipo wenye nguvu wakaamua kuondoka.

Timu nne kubwa zilitangaza kwamba msimu ujao zitaanzisha ligi yao, Ligi ya Juu. Mwenyekiti wake alikuwa Rufus, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, mtu wa koti zuri na maneno machache. Kungekuwa na mfadhili, jezi mpya, na watu wa klabu za kweli za jiji wangealikwa kuja kutazama vipaji. Kuvusha kungekoma. Na kanuni ilianza mapema: mchezaji yeyote atakayeonekana na fulana ya njano, akichezea timu nyingine, siku ya mechi ya mwisho ya msimu, hatasajiliwa.

Tulikutana kwa Zoom. Wekesa, kocha wa Auburn, mojawapo ya hizo nne, nesi wa hospitali na mtu wa mzaha, ndiye aliyewasemea wanaoondoka.

"Mwiti, wewe ni msomi, hebu nisaidie," aliniambia. "Mtoto akipita mtihani, unamrudisha darasa la chini ndio wale walioanguka wasiskie vibaya?"

"Ligi si mtihani, Wekesa. Ukijua matokeo kabla hujatoka nyumbani, umekwenda kufanya nini uwanjani? Miaka hii tumekuwa na bingwa tofauti kila msimu. Hicho ndicho mnachokwenda kukivunja."

"Maze, sisi hatuvunji kitu. Tunapanda ngazi tu."

"Mtapanda wanne. Mwaka wa pili mmoja wenu atakuwa wa mwisho, na wachezaji wake watamkimbia waende kwa bingwa, kama mnavyotukimbia sisi. Mwaka wa tatu mtabaki wawili mnatazamana. Utaniambia."

"Na sisi wenye tunabaki?" aliuliza Déo. Huyo ni nahodha wa timu ya St Marys, Mkongo, mfanyakazi wa ghala, na siku hiyo alikuwa kwenye mapumziko ya kazi, sauti ya mashine nyuma yake. "Sisi tutacheza na nani? Na kivuli?"

Wekesa akaacha mzaha. Alisema tu, "Buda, vijana wangu wana ndoto. Niwaambie nini?"

Swali hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa swali la kweli, na kijana mwenye ndoto hiyo nilimjua kwa jina. Destin, mtoto wa pekee wa Concilie, miaka kumi na tisa, winga wa kushoto wa Auburn. Kijana huyu alimaliza shule kupitia simu ya mkononi, sebuleni, mama yake akiwa zamu na nje kumefungwa. Mpira ndicho kitu pekee katika ujana wake ambacho hakikumfikia kupitia kioo. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Rufus alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa majaribio kwenye klabu ya kweli mara tu atakaposajiliwa Ligi ya Juu. Na mechi ya mwisho ya msimu, ile ya kanuni, ilikuwa Auburn na St Marys.

Wiki hiyo nilimfuata Concilie kazini. Alikuwa kwenye benchi nje ya jengo, amevaa aproni ya plastiki, chai imepoa mkononi.

"Mwiti, Jumamosi Déo anakuja na wangapi?"

"Anasema kumi na mmoja, Mama Destin."

"Anasema ao anajua?"

"Anasema."

Alifumba macho. "Niko naomba Mungu wafike kumi na moja. Wakifika kumi na moja, mimi sina kazi. Nitakaa tu pembeni nile karanga."

Nilitaka kumwambia kwamba jambo hili ni kubwa kuliko mtoto mmoja, kwamba timu zote nane zinamtazama, kwamba wakubwa hushinda siku wanyonge wanapoanza kufanya hesabu za nyumbani. Nilikuwa na hotuba nzima. Alinitazama, akanizuia kwa kiganja.

"Najua unataka kusema nini. Niliisema wewe ukiwa mudogo, nikiwa nimekalia mpira. Lakini siku ile sikukuwa na mutoto." Akamwaga chai kwenye majani. "Nikivuta mutoto wa mwenzangu, nimemuharibia. Nikivuta wa kwangu, nimemuharibia. Nikikosa kuvuta, sasa mimi ni nani? Mubeba mpira?"

Usiku wa Ijumaa Déo alituma ujumbe: wako kumi na mmoja. Asubuhi akatuma mwingine: mmoja kipimo cha korona kimetoa mistari miwili. Nilikuwa kwenye treni tayari. Nikaanza kuomba kama Concilie, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Auburn walikuwa kumi na mmoja kamili, bila wa akiba, kwa sababu korona ilikuwa imewapitia na wao. Nyasi zilikuwa bado zimelowa maji ya mvua za Julai. Kando ya uzio alisimama Rufus na koti lake, pamoja na jamaa wawili wa Ligi ya Juu. Watu wa timu nyingine walikuwa wamekuja pia, wengi kuliko kawaida, na hakuna aliyekuwa akitania. Kila gari lililokata kona tuligeuka kulitazama.

Gari la St Marys likafika. Wakashuka. Nikahesabu, nikahesabu tena. Tisa.

"Wengine wako wapi?" nilimuuliza Déo.

"Mumoja anaumwa, nilikuambia. Mwingine ghala wamemupigia simu tukiwa njiani. Tumemuacha kwa steshoni." Hakunitazama. "Tukicheza tisa leo, ndugu, mimi nafunga hii timu. Sitawaleta watu wenye hawajalala kuja kupigwa mbele ya watoto wao."

Timu zikajipanga. Tisa wakitazamana na kumi na mmoja. Mmoja akivuka, wangekuwa kumi kwa kumi. Hata mtoto mdogo angeona. Concilie alitoka pembeni, mpira kwapani, koti la kazini bado mwilini.

Wekesa akamwahi. "Mathe, leo usichague. Nakuomba. Ama nivushe mimi."

"Wewe? Na goti hilo?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. "Wewe hata ukienda nyumbani, timu haitapungua."

"Basi acha wacheze hivyo hivyo. Siku moja tu. Kila mmoja hapa ana mama yake."

"Najua," alisema Concilie. "Mama yake mumoja ni mimi."

Akaanza kupita mbele ya Auburn. Wavulana wale, ambao aliwahi kuwafunga vidonda na kuwagawia maandazi, wakatazama chini. Golikipa alificha mikono nyuma, kama vile jezi isiyoonekana haivutiki. Alipita mmoja, akapita wa pili. Niliogopa asimame kwa mtoto wa mtu mwingine, maana hapo desturi ingekufa kwa aibu. Niliogopa apite wote, ife kimya kimya. Na alipokaribia mwisho wa mstari nilishangaa kugundua kwamba niliogopa pia asimame pale nilipotaka asimame.

Akasimama mbele ya Destin.

"Mum," alisema kijana. "Mum, please."

Concilie alivuta mkono wa jezi yake. Hakuuvuta kwa nguvu. "Vuka."

Destin hakusogea. Alitazama uzioni, kwa Rufus. Rufus alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwonya mtoto asiguse jiko. Destin akamtazama mama yake, na sijui alichokiona usoni mwake, maana mimi niliuona mgongo wake tu. Kisha kijana akavua jezi ya Auburn kwa hasira, akaitupa kwenye matope, akamnyang'anya Déo fulana ya njano.

Mechi ile ilikuwa nzuri, na sikuifurahia hata dakika moja. Destin alicheza kama mtu anayevunja vyombo. Aliwapita wenzake wa Auburn kushoto na kulia, akafunga, hakushangilia. Auburn wakasawazisha. Déo akafunga kwa kichwa, akaanguka kwenye dimbwi na hakutaka kuinuka kwa furaha. Auburn wakasawazisha tena mwishoni. Mbili kwa mbili. Watu walipiga kelele mpaka majirani wakatoka kwenye baraza zao. Lakini Rufus na wenzake walikuwa wameondoka kabla ya mapumziko, na Destin kipenga kilipolia alipita karibu na mama yake bila kusimama, akavuka barabara na kwenda zake.

Concilie aliokota jezi kwenye matope, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa mpira. Déo alimwendea. "Dada," alisema, "hatutafunga timu." Yeye akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akiitazama ile barabara.

Nililala vibaya. Kila nilipojiambia kwamba haki imesimama, niliona kijana akivuka barabara peke yake. Ni rahisi kupenda haki wakati bei yake inalipwa na mtoto wa mwanamke mwingine. Nilijiuliza kama ningeweza kumwambia Destin hivyo usoni, pamoja na shahada yangu.

Asubuhi, Jumapili, nikarudi uwanjani Auburn. Ligi ya Juu walikuwa na mechi yao ya uteuzi, Auburn na Blacktown, na nilitaka kuona walichomnyima Destin. Kulikuwa na jezi mpya, koni za rangi na mpira mweupe unaong'aa. Na Wekesa alikuwa akitembea huku na huku na simu sikioni. Destin hakuwa kwenye orodha, na golikipa alikuwa ameamka na kipimo chenye mistari miwili. Ndani ya uwanja walisimama wavulana wake tisa, mmoja wao amevaa glavu zisizomtosha. Blacktown walikuwa kumi na mmoja.

"Rufus, si mtu mmoja wa Blacktown avuke tu?" nilimsikia Wekesa akisema. "Kumi kwa kumi."

"Hayo tuliyaacha kule," Rufus alijibu. "Wacheze."

Wakacheza. Sitaki kusimulia. Baada ya bao la tatu hata Blacktown waliacha kushangilia, na wateuzi wakawa wanatazama simu zao, kwa sababu hakuna kipaji unachoweza kukipima kwa mtu anayekimbizwa na watu wawili.

Hapo ndipo Concilie alipotokea kwenye njia ya kando ya uzio, kitenge cha kanisani, kilemba, mkoba mkononi. Destin alikuwa nyuma yake hatua kadhaa, shati jeupe, uso umenuna, lakini alikuwepo. Wangepita. Mpira ulitoka nje, ukabingirika kupitia lango lililo wazi, ukasimama karibu na viatu vyake. Wekesa akamwona.

"Mama Destin," aliita. Sauti haikuwa na mzaha wowote. "Nipe mtu."

"Huyo kijana haruhusiwi," Rufus alisema upesi, akimnyooshea Destin kidole. "Kanuni ni kanuni."

Concilie akasogea langoni. Alimpa Destin mkoba. Akainama, akauokota ule mpira mweupe ambao haukuwa wake, akaupangusa kwenye kitenge, akauweka kwapani na kuingia uwanjani, viatu vya kanisani vikizama kwenye tope. Refa alikuwa na kipenga mdomoni na hakukipuliza. Blacktown, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kujipanga mstari mmoja.

Destin alibaki langoni, ameushika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili. Aliwatazama wale wavulana kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaita, kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Rufus:

"Mama! Huyo namba sita. Ndiye mzuri wao."

Concilie akasimama mbele ya namba sita na kuvuta mkono wa jezi. Mvulana akamtazama kocha wake, akamtazama Rufus, akaanza kuvua.